Kaka Yangu na Mmea wa Malaria

Nilikuwa nimerudi Mpanda muhula mzima kabla mtu yeyote nyumbani hajaniuliza nilichokwenda kusomea. Walijua nimekwenda chuo mara ya pili nikiwa tayari ni mwalimu wa baiolojia. Walijua pia kwamba nikiwa hukohuko ndoa yangu ilivunjika, na hilo ndilo walilolizungumza kila nilipogeuza mgongo. Masomo yenyewe hayakumhusu mtu.

Aliyekuja kuniuliza ni kaka yangu. Yeye ndiye mtoto wa kwanza na wa kiume peke yake, na tangu baba afariki anajiona yeye ndiye baba. Hatujawahi kupendana. Baba alipotaka niendelee na kidato cha tano, kaka alisema mbele yangu kwamba mtoto wa kike akisomeshwa sana anasomeshewa ukoo wa watu wengine, bora wanunue plau. Baba hakumsikiliza, na kaka hakunisamehe. Mimi nikaondoka nikasoma, yeye akabaki akiwachajia watu simu, akanunua karanga vijijini na kuziuza mjini, mwishowe akatulia kwenye dawa za asili. Alikuwa na meza ya kukunja, mwavuli na spika ya betri. Aliuza dawa ya tumbo, dawa ya minyoo, na ile nyingine ambayo wanaume huinunua wakiwa wametazama pembeni.

Ilikuwa Jumapili, tuko kwa mama, kijijini Kasokola, baada ya ibada, tunakula ugali na mgebuka wa kukaanga. Kaka alimtafuna samaki wake mpaka kichwa, akajifuta mdomo, akanitazama.

"Hivi mwalimu, huko chuoni ulikuwa unasoma nini hasa?"

Aliniita mwalimu kama wengine wanavyoita mtu kilema. Nilijibu kwa ufupi ili aniache.

"Mdudu wa malaria. Na ndani ya huyo mdudu kuna kitu kimoja kidogo. Nilisoma hicho."

"Kitu gani?"

Nikamwangalia nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, anasubiri. Katika maisha yangu yote sikumbuki kaka kunisubiri niseme neno. Basi nikasema.

Nilimweleza kwamba zamani mno babu wa huyo mdudu hakuwa na shida na mtu. Alikuwa kiumbe cha seli moja kinachoishi majini, kinajitafutia riziki. Kikameza mwani. "Unaujua ule utelezi wa kijani kwenye pipa la maji la mama? Mwani ni ndugu wa ule." Kilipoumeza hakikuusaga. Ukabaki hai tumboni mwake, ukiendelea kujipikia chakula kwa mwanga wa jua, na mwenye tumbo akala pale pale. Na huo mwani nao ulikuwa na historia kama hiyo, maana mababu zake walikuwa wamemeza bakteria wa zamani zaidi, wale wa kwanza kuishi kwa jua. Aliyemeza akamezwa. Ndiyo maana hata leo kile kilichobaki kimevaa ngozi nne, moja juu ya nyingine.

"Baadaye ukoo wa kile kiumbe ukajifunza kuishi ndani ya miili ya wanyama," nikasema. "Ndio hawa wanaotuumiza leo. Mwani ukapoteza rangi, ukapoteza karibu kila kitu chake. Umebaki kama kifuko tu ndani ya mdudu."

"Ndani ya damu ni giza," kaka akasema. "Unapataje jua?"

"Haupati."

"Sasa mbona haujafa?"

Lilikuwa swali zuri. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huwa hawafiki hapo bila kusukumwa. Nikajikuta nimeweka tonge chini, nazungumza kwa mikono miwili. Nikamwambia kuna vitu vya lazima ambavyo mdudu wa malaria hawezi kujitengenezea mwenyewe, na kile kifuko ndicho kinachomtengenezea. Hawezi kukitapika. Ukikiharibu, ukoo wake unakatika. Nikamwambia kuna hata dawa za kuua bakteria ambazo zinamuumiza mdudu wa malaria kwa kupitia hapohapo, kwa sababu kile kifuko asili yake ni bakteria.

"Kwa hiyo malaria ni mmea," kaka akasema.

"Hapana. Mdudu ana mabaki ya kitu kilichokuwa karibu na mmea."

"Umesema kilikuwa kinajipikia kwa jua."

"Zamani."

"Basi ni mmea."

Mama akatuambia tuache, samaki anapoa. Kaka akaegemea ukuta, akatabasamu peke yake. Nilirudi mjini nyuma ya bodaboda nikiwa na furaha ya kijinga, nikijiambia kwamba labda tumekua, labda sasa mimi na yeye tutaweza kukaa meza moja.

Furaha hiyo iliniisha stesheni. Nilikwenda kupokea boksi la vifaa vya maabara lililokuja na treni ya Kaliua. Siku ya treni pale nje huwa kama mnada. Abiria wanashuka na magunia, bajaji zinapigana kugombea watu, kila mwenye kitu cha kuuza anapiga kelele. Katika kelele hizo nikaisikia sauti ya kaka ikitoka kwenye spika.

"Malaria ni mti, ndugu zangu! Ni mti umeota ndani ya damu! Nyie mnakunywa vidonge, mnakata matawi, mizizi mnaiacha. Ndio maana leo umepona, mwezi ujao uko kitandani tena. Na sisemi mimi! Mdogo wangu wa tumbo moja, kasoma chuo kikuu, anafundisha hapahapa mjini, kauona huo mti kwa macho yake kwenye darubini!"

Mezani kwake zilipangwa chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika, zimejazwa kitu cha rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Watu walikuwa wamemzunguka. Nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyebeba kuku, nikisikia maneno yangu ya Jumapili yanatoka kinywani mwa kaka yakiwa yamevunjwa mifupa.

Pengine ningeondoka tu. Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na aibu zaidi. Kilichonizuia ni mzee mmoja mkulima, aliyesema ametoka Sibwesa. Alikuwa amenunua bomba jipya la kupulizia dawa shambani, bado limefungwa nailoni, amelivaa mgongoni.

"Sasa kijana," mzee akauliza, "kama ni mmea, si hata dawa yetu ya magugu inaukausha? Ukitia kidogo tu kwenye maji?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Na kaka, badala ya kusema hapana, akasema, "Kazi ni ileile mzee, kukausha. Ila hii yangu ndiyo ya mwilini."

Niliwasukuma watu nikafika mezani. "Mzee, usithubutu," nikasema. "Dawa ya magugu ni sumu. Mtu akiinywa anakufa. Malaria si mti. Huyu hajui anachokisema." Nikanyoosha mkono kuichukua maiki, kaka akaiinua juu ya kichwa. Ni mrefu kuliko mimi.

"Ndiye huyu!" akatangaza kwenye spika. "Ndiye mdogo wangu mwenyewe! Mwoneni! Msomi wetu! Msimjali, ni hasira za kuachika. Mume kamrudisha, sasa anatafuta wa kugombana naye."

Walicheka kuliko walivyomcheka mzee. Yule mama mwenye kuku aligeuka kunitazama usoni, apate kunijua siku nyingine. Nikamwacha kaka na spika yake, nikamkimbilia mzee aliyekuwa anapanda bajaji. Nikamrudia yote, polepole, nikiwa nimeshika chuma cha bajaji ili isiondoke. Nikamwambia ampeleke mgonjwa wake zahanati.

"Nimekusikia, mama," akasema bila kunitazama. Bajaji ikaondoka. Sijui alifika nyumbani akafanya nini. Mpaka leo sijui.

Nilimngojea kaka mpaka alipokunja mwavuli. Tulisimama kando ya ukuta, mimi na boksi langu, yeye na spika yake begani.

"Utaua watu," nikamwambia.

"Mizizi na magome tu yale. Bibi alikuwa anatuchemshia."

"Bibi hakumwambia mtu aache dawa ya hospitali. Bibi hakunitaja mimi."

"Ulitaka nitaje nani? Wewe umekula mavuno ya baba yote kwa ajili ya hicho kimdudu chako. Mimi nimeambulia nini? Maneno. Basi nimeyachukua maneno."

"Hata hukuyaelewa."

"Nimeyaelewa kuliko wewe," akasema. "Wewe umekaa nayo miaka na hayajamsaidia mtu."

Nilimwambia yeye ni tapeli na atakufa akiwa tapeli. Akaniambia mimi ni mgumba wa kila kitu, hata akili. Haya tuliyasema mchana, kwa sauti ya kawaida, abiria wakitupita. Baada ya hapo hatukuzungumza.

Masika yalipochanganya, jirani wa mama alinipigia simu shuleni. Akasema mama amelala tangu juzi na jana hakumjibu salamu. Nikaomba ruhusa, nikachukua bodaboda. Barabara ya Kasokola ilikuwa tope tupu, mara mbili ilibidi nishuke nitembee.

Nilimkuta mama sakafuni kwenye mkeka, amefunikwa blanketi na juu yake koti la baba. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Nilipomuuliza anajisikiaje, alinijibu kwa Kibende, lugha ya kwao, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Kando ya mkeka kulikuwa na chupa ya kaka, imebaki robo. Kwenye kabati nikaikuta dawa mseto aliyopewa zahanati, haijafunguliwa.

"Alikuwa hazinywi," jirani akasema. "Kaka yako alimwambia zisichanganywe na ile yake, zitapigana."

Nikamtuma jirani aite bajaji. Bajaji ilipofika, kaka akawa naye amefika, nadhani walimpigia pia. Alitukuta tumembeba mama, mimi kwapani, jirani miguuni. Akasimama mlangoni.

"Mnampeleka wapi?"

"Hospitali."

"Dawa ndiyo kwanza inafanya kazi. Lazima azidiwe kidogo ndipo mizizi itoke. Ukimchoma sindano sasa unaharibu."

"Toka mlangoni."

"Huyu ni mama yangu pia."

"Kaka, toka mlangoni, la sivyo nitakupigia kelele za mwizi hapa, na kijiji kitakuja."

Sikujua kama ningefanya hivyo kweli. Nadhani ningefanya. Yeye pia alidhani hivyo, maana alijisogeza, kidogo sana, ikatubidi tumpitishe mama ubavu. Koti la baba lilinasa kwenye komeo. Kaka akalinasua, akamfunika nalo mama vizuri ndani ya bajaji. Kisha akapanda pikipiki yake akatufuata mpaka mjini.

Hospitalini walimtoboa mama kidole, na muda si mrefu wakaanza kumchoma sindano ya malaria kali na kumtundikia damu. Mhudumu wa maabara aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Alinionea huruma, akaniita nitazame mwenyewe slaidi ya mama. Niliinama kwenye darubini. Walikuwa wengi, vipete vidogo ndani ya seli nyekundu, kila kimoja na kidoa chake, seli nyingine zina viwili.

Kile kifuko nilichokisomea hakionekani kwa darubini ya namna ile, ni kidogo mno. Lakini nilijua kimo. Kilikuwa ndani ya kila kimoja cha vile vipete. Chuoni nilikuwa naona picha zake nastaajabu. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba ni safari ndefu kuliko zote, kutoka kwenye jua la majini mpaka kwenye ini la mtu. Siku ile sikustaajabu. Niliwachukia. Niliwachukia wale wadudu na walichokimeza, na nilimchukia aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi akiongea na simu, anamweleza mtu namna ya kunywa dawa yake, kikombe asubuhi, kikombe jioni.

Mama alirudiwa na fahamu sindano zilipoanza kufanya kazi. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na uji. Alizungusha macho wodini, yakanifikia, yakanipita.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Yupo nje. Kunywa uji, mama."

"Mwite kwanza."

Nikamwita. Aliingia akapiga goti kando ya kitanda, akamshika mama mkono, na machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, hilo siwezi kumnyima. Kisha akajifuta akasema, "Unaona mama? Mizizi ilikuwa imeshalegea. Sindano imemalizia tu."

"Najua, baba," mama akasema. Huwa anamwita baba. "Nilikuwa naisikia ikitoka."

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia mama kwamba kile alichokunywa hakikugusa kitu. Nikamwambia kwamba hata zile dawa za hospitali ambazo kweli zinaharibu kile kifuko zinakwenda polepole, mdudu aliyepo anaendelea kuishi na kuzaa, wanaokufa ni watoto wake, na mtu aliyezidiwa hawezi kusubiri hayo. Nikamwambia angechelewa kidogo tungekuwa tunamzika. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kutusikiliza.

Mama alinitazama mpaka nikamaliza.

"Wewe ulikuja na maneno," akasema. "Mwenzio alikuja na dawa."

"Maneno ni yangu, mama! Hata hayo anayouzia dawa ni yangu!"

"Basi kwa nini humpongezi?"

Nikaweka kikombe cha uji kwenye stuli, nikatoka.

Kesho yake nilikwenda kwa afisa afya nikamweleza yote. Chupa, spika, jina langu kutajwa, mzee wa Sibwesa na bomba lake. Nilieleza mpaka rangi ya mwavuli. Sikumweleza kwa kusitasita, na sikulala vibaya baada ya hapo. Siku ya treni watu wa afya wakaenda stesheni na mgambo, wakachukua chupa zote na spika, wakamwaga ile chai yake kwenye mtaro mbele ya watu. Sikuwepo. Walionihadithia walisema kaka hakubisha. Alisimama amefunga mikono akitazama inavyomwagika.

Alinijia shuleni mchana uleule. Mlinzi alikuja kuniita darasani, nikamkuta kaka nje ya geti, upande wa pili wa nondo.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Ungeweza kuniita pembeni."

"Nilikuita pembeni. Stesheni, ukutani."

Shati lake lilikuwa na madoa ya ile dawa. "Mama atakaa kwangu kuanzia sasa," akasema. "Ukitaka kumwona utapita kwangu. Na ukipita kwangu usije na hiyo baiolojia yako." Kisha akaenda zake. Niliporudi darasani niliwakuta wanafunzi wamejazana madirishani, nikawafokea, nikafuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Mama alihamia kwake kweli, upande wa pili wa mji, na shamba la Kasokola akalilima mtu mwingine. Kaka hakukaa bila kazi. Nasikia siku hizi anazunguka minada ya mbali na dawa ya mifugo, na kwamba hataji tena mti wala mdogo wake. Mimi naendelea kufundisha. Mada ya vimelea inapofika huwa sikiruki kile kifuko, nakieleza chote, kuanzia bakteria wa jua mpaka damu ya mtu. Ila sasa naanza kwa kuandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAKUNA CHAI YA MITISHAMBA WALA DAWA YA MAGUGU INAYOTIBU MALARIA. Wanafunzi wanaona mimi ni kichaa kidogo. Mmoja aliuliza kama itatoka kwenye mtihani, nikamwambia ndiyo, mtihani wangu.

Wakati wa mavuno ya karanga nilikwenda kumwona mama. Wifi yangu alinipokea mlangoni, akanitolea kigoda nje chini ya upenu, akasema ndani kunafanyiwa usafi. Mama akatoka na ungo, akakaa karibu yangu, tukamenya karanga. Alikuwa amenenepa. Tukaongea kuhusu mvua, na kuhusu jirani wa Kasokola aliyejifungua mapacha. Hakuniuliza kuhusu kazi, nami sikumuuliza kama ananyunyiziwa dawa ya mbu chumbani, ingawa ndilo lililonipeleka.

Kaka alirudi tukiwa hapo. Alisimamisha pikipiki, akafungua kamba za mzigo, akatupita. Alimsalimia mama, akaokota karanga moja kwenye ungo, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Amechoka," mama akasema.

Nikaendelea kumenya mpaka ungo ukaisha. Kisha nikaaga, nikatembea mpaka barabarani kutafuta bajaji. Sijarudi tena pale, na mama naye hajanipigia kuniuliza kwa nini.